Usisafirie Nyota ya Mwenzio

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, huonekana kama zinagombana. Ya kwanza yasema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Ya pili yasema, usisafirie nyota ya mwenzio. Ya kwanza yatuagiza tujifunze kwa yaliyowapata wengine. Ya pili yatuonya kwamba yaliyomfaa mwingine huenda yasitufae sisi. Msomaji mpenzi, hapana ugomvi hapa. Mtu mwenye busara huzitumia zote mbili, kila moja mahali pake. Taabu huanza mtu anapoishika moja na kuitupa nyingine. Nayo huwa kubwa mno mtu huyo anapokuwa mtawala mwenye jeshi mkononi, na jambo analolipima ni nchi ya watu wengine.

Katika insha hii nataka tuichunguze pamoja desturi moja ya wasemaji na waandishi: desturi ya kuupima utawala wa jeshi la kigeni kwa kuulinganisha na utawala mwingine wa namna hiyo uliopita. Jeshi la kigeni linapoingia katika nchi, likaiangusha serikali yake na kukaa humo likitoa amri, watu wa kila upande hukimbilia vitabu vya historia. Wanaoliunga mkono hutafuta mfano uliofanikiwa; wanaolipinga hutafuta mfano ulioharibika. Kila upande ukishaupata mfano wake hufunga kitabu na kutangaza kwamba hukumu imetoka. Mimi nasema hukumu haijatoka. Mfano wa kale waweza kutufundisha maswali ya kuuliza, lakini hauwezi kuyajibu kwa niaba yetu. Nimechagua kisa cha Iraki kuanzia mwaka wa 2003, kwa kuwa kililinganishwa na visa vingi sana, na kwa kuwa chaonyesha wazi gharama ya mlinganisho mbaya.

Tukumbushane kwanza kisa chenyewe. Tarehe 20 Machi 2003 majeshi ya Marekani na Uingereza, pamoja na washirika wao, yaliingia Iraki. Tarehe 9 Aprili mji wa Baghdad ulianguka, na serikali ya Saddam Hussein ikatoweka. Mwezi wa Mei Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilizitambua Marekani na Uingereza kuwa dola zilizoikalia nchi hiyo, zenye wajibu wa kisheria kwa wakazi wake. Mamlaka ya muda iliundwa, na mkuu wake, Paul Bremer, akatawala kwa amri hadi tarehe 28 Juni 2004. Askari wa Marekani waliendelea kukaa nchini hadi Desemba 2011. Kisha mwaka wa 2014, kundi lililojiita Dola la Kiislamu lilipouteka mji wa Mosul, wengine wakarudi.

Sasa tuitazame hoja tunayoihakiki. Kabla vita havijaanza, tarehe 26 Februari 2003, Rais George W. Bush wa Marekani alitaja Ujerumani na Japani katika hotuba yake. Alisema kwamba hapo kale walikuwapo watu waliodhani mataifa hayo mawili hayawezi kudumisha demokrasia, na kwamba watu hao walikosea. Miezi michache baadaye, mashambulio dhidi ya askari wa Marekani yalipozidi, Condoleezza Rice, mshauri wa Rais juu ya usalama wa taifa, na Donald Rumsfeld, Waziri wa Ulinzi, waliwakumbusha wasikilizaji wao mwezi wa Agosti kwamba hata Ujerumani ya mwaka wa 1945 ilikuwa na mabaki ya wafuasi wa Hitler waliofanya hujuma. Maana yao ilikuwa wazi: vumilieni, kwa maana njia hii imepitwa kabla, na mwisho wake ulikuwa mwema.

Mhakiki mwadilifu huieleza hoja ya mpinzani wake kwa nguvu zake zote kabla ya kuishambulia. Basi na tukiri kwamba hoja hii ina nguvu. Ujerumani na Japani zilitawaliwa na watu wakatili, zikashindwa vitani, zikakaliwa na majeshi ya kigeni, na baada ya miaka michache zikawa nchi za amani, za utajiri, zenye kufuata katiba. Iraki nayo ilikuwa chini ya mtawala mkatili. Tarehe 16 Machi 1988 watu wa mji wa Halabja, wengi wao Wakurdi, waliuawa kwa maelfu kwa gesi ya sumu iliyotupwa na jeshi la serikali yao wenyewe. Tena, anayesema kwamba Waarabu hawawezi kujitawala kwa demokrasia hastahili kusikilizwa, na katika kumkanusha mtu huyo hoja ya Rais ilikuwa na haki. Lakini hoja yaweza kuwa na haki katika jambo moja, ikapotea katika jambo lingine. Kwamba watu wote wanaweza kujitawala hakuthibitishi kwamba jeshi lolote, likiingia katika nchi yoyote kwa njia yoyote, litawafikisha huko.

Tuweke basi visa hivi bega kwa bega, tuanze na namna vita vilivyokwisha. Huko Japani mfalme mwenyewe alisema na watu wake katika redio tarehe 15 Agosti 1945, akawaarifu kwamba vita vimekwisha. Tarehe 2 Septemba wajumbe wake walitia sahihi hati ya kusalimu amri juu ya meli ya vita ya Marekani katika ghuba ya Tokyo. Jemadari Douglas MacArthur alipoanza kutawala, alimkuta mfalme juu ya kiti chake, wizara zikifanya kazi, polisi katika vituo vyao, na makarani katika ofisi zao. Amri zake nyingi ziliwafikia wananchi kwa mikono ya Wajapani wenzao. Ujerumani nayo, ijapokuwa ilikuwa magofu na ikagawanywa sehemu nne, majemadari wake walitia sahihi hati ya kushindwa mwezi wa Mei 1945. Huko Baghdad hapana mtu aliyetia sahihi jambo lolote. Serikali iliyeyuka kama chumvi katika maji. Askari walivua sare zao wakaenda makwao. Wizara ziliporwa na kuchomwa moto, na Saddam mwenyewe hakukamatwa hadi tarehe 13 Desemba 2003. Kushindwa kwa Japani kulikuwa ni kukabidhi nyumba na funguo zake. Kuanguka kwa Baghdad kulikuwa ni kuanguka kwa nyumba yenyewe.

Pili, tazama namna vita vilivyoanza. Japani iliishambulia Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941, na siku nne baadaye Ujerumani ikatangaza vita juu ya Marekani. Raia wa Tokyo au wa Berlin aliyeuona mji wake umekuwa majivu aliweza kuwalaumu watawala wake mwenyewe kwa kuuwasha moto ule. Vita vya Iraki vilianzishwa na walioingia, na sababu kubwa waliyoitoa ilikuwa kwamba Saddam alikuwa na silaha za maangamizi. Wataalamu waliotumwa na Marekani yenyewe kuzitafuta baada ya vita hawakuzikuta akiba za silaha hizo. Mwezi wa Septemba 2004 Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alisema kwamba vita vile havikupatana na Mkataba wa Umoja huo. Kwa hiyo hata Mwiraki aliyemchukia Saddam kwa moyo wote aliweza kumwuliza askari wa kigeni mlangoni pake, "Nani aliyekualika?" Swali hilo huamua kama amri itatiiwa kwa hiari au kwa hofu.

Tatu, tazama majirani na wakazi wenyewe. Japani ni visiwa, na bahari ni ukuta. Iraki ina mipaka na nchi sita: Uturuki, Irani, Kuwait, Saudia, Yordani na Siria, na wapiganaji wa kigeni waliipenya mipaka hiyo. Ndani ya nchi walikuwamo Waarabu wa Kishia, Waarabu wa Kisunni na Wakurdi, pamoja na jamii nyingine ndogo, na serikali iliyoanguka ilikuwa imetawala kwa kuwatia hofu na kuwatenga wao kwa wao. Tena hesabu yenyewe hailingani. Vita vilipokwisha mwaka wa 1945 Marekani ilikuwa na askari wapatao 1,600,000 katika Ujerumani. Iraki, yenye watu wapatao milioni 25, ilikuwa na askari wa Kimarekani wapatao 150,000.

Ama hao wafuasi wa Hitler waliofanya hujuma, walikuwako kweli. Walimwua meya wa mji wa Aachen aliyewekwa na Wamarekani. Lakini walimwua mwezi wa Machi 1945, vita vikali bado vikiendelea. Baada ya Ujerumani kusalimu amri hawakupata nguvu ya kuanzisha vita vipya. Huko Iraki, tarehe 19 Agosti 2003, miezi minne baada ya Baghdad kuanguka, jengo la Umoja wa Mataifa lililipuliwa na watu 22 wakafa, akiwamo mjumbe mkuu wa Umoja huo, Sérgio Vieira de Mello. Mwezi wa Februari 2006 msikiti mtukufu wa Washia katika Samarra ulilipuliwa, na mauaji baina ya Washia na Wasunni yakazidi kupita kiasi. Kuliita jambo hili kwa jina la lile ni sawa na kuuita mto kwa jina la kijito kwa sababu vyote viwili vina maji.

Huenda ukasema, msomaji, kwamba maneno ya hotuba hayavunji mfupa. Ningependa ingekuwa hivyo. Mlinganisho wa Ujerumani haukubaki katika hotuba. Ulishuka ukawa amri. Tarehe 16 Mei 2003 Paul Bremer alitoa amri ya kwanza, iliyowafukuza katika kazi za serikali watu wa vyeo vya juu vya chama cha Baath. Amri hiyo ilifuata mfano wa kuwaondoa wafuasi wa chama cha Nazi. Tarehe 23 Mei ilifuata amri ya pili, iliyolivunja jeshi la Iraki na idara za usalama. Watu zaidi ya laki tatu walipoteza kazi na heshima yao kwa siku moja, nao walikuwa watu waliofundishwa kutumia bunduki. Miongoni mwa waliofukuzwa kwa amri ya kwanza walikuwamo walimu wengi, ambao waliingia chamani kwa kuwa bila ya chama kupanda cheo kulikuwa kugumu.

Hapa ndipo mfano unapodanganya zaidi, kwa maana unadanganya kwa kufanana. Ni kweli kwamba majeshi ya Ujerumani na ya Japani yalivunjwa pia. Lakini yalivunjwa baada ya kusalimu amri kwa vikosi, na huko Japani wakuu wa Kijapani wenyewe ndio walioisimamia kazi ya kuwapokonya silaha askari wao na kuwarudisha makwao. Ni kweli pia kwamba Wanazi waliondolewa katika kazi. Lakini katika sehemu ya Ujerumani iliyotawaliwa na Marekani watu wazima walijaza karatasi za maswali, na kuanzia mwaka wa 1946 mabaraza ya Wajerumani yaliwahukumu mmoja mmoja na kuwagawa katika daraja tano, toka wakosaji wakubwa hadi wasio na hatia. Tena mfano wenyewe haukuwa safi kama ulivyosifiwa: Wajerumani wengi waliunung'unikia, na baada ya miaka michache watu wengi waliofukuzwa walirudi kazini. Aliyeiga alichukua jina la dawa, akaacha kipimo chake, akasahau na malalamiko ya mgonjwa wa kwanza.

Lakini ningekuwa mhakiki wa nusu kama ningeikosoa hoja ya upande mmoja tu. Wapinzani wa vita nao walikuwa na mfano wao, na mfano wao mkubwa ulikuwa Vietnam. Walisema kwamba Marekani imezama tena katika tope lile lile. Katika mambo kadhaa waliona sawa: lugha isiyojulikana, adui asiyevaa sare, ahadi za ushindi zisizotimia. Hata hivyo katika Vietnam ya Kusini Marekani ilipigana na upande mmoja wenye uongozi mmoja, ulioungwa mkono na serikali ya kaskazini, nayo ilipata msaada wa Urusi ya Kisovieti na Uchina. Huko Iraki yalikuwako makundi mengi, na mengine yalipigana yenyewe kwa yenyewe. Wamarekani waliokufa katika Vietnam walizidi 58,000. Katika Iraki walikuwa kama 4,500. Na anayesema Vietnam peke yake haioni Halabja, wala hawaoni Wakurdi na Washia ambao kwao siku ya kuanguka kwa Saddam ilikuwa siku ya furaha.

Tena tarehe 22 Agosti 2007 Rais Bush yuleyule aliichukua Vietnam na kuigeuza. Wapinzani wake walisema: kumbukeni Vietnam, ondokeni. Yeye akasema: kumbukeni Vietnam, msiondoke, kwa sababu Wamarekani walipoondoka watu wasio na hatia waliteseka. Mfano mmoja ukatoa hukumu mbili zinazopingana. Waama, jaji anayemwambia kila mdai kwamba ameshinda si jaji. Huyo ni mwangwi, unaomrudishia mtu sauti yake.

Wengine, waliosoma zaidi, walileta mfano wa karibu kuliko yote: Iraki yenyewe chini ya Waingereza. Jeshi la Uingereza liliingia Baghdad tarehe 11 Machi 1917, na jemadari wake, Stanley Maude, akatangaza kwamba wamekuja kuwakomboa wenyeji, si kuwashinda. Mwaka wa 1920 wenyeji, Washia na Wasunni, waliasi. Waingereza walituma askari na ndege wakayazima maasi kwa damu nyingi, kisha mwaka wa 1921 wakamtawaza Mfalme Faisal, na mwaka wa 1932 nchi ikapewa uhuru wake. Nchi ni ile ile, mito ni ile ile, na hata ahadi zafanana. Mfano huu una mafunzo mazuri. Lakini nao una mipaka. Uingereza ya wakati huo ilikuwa dola yenye makoloni, na maasi ya 1920 yaliwakusanya watu wengi dhidi ya mgeni, ilhali katika 2006 na 2007 Wairaki wengi waliuawa na Wairaki wenzao. Karne nzima karibu ilikuwa imepita katikati. Ardhi haizeeki upesi, bali watu hubadilika.

Yafaa sasa tuulize swali ambalo husahauliwa mara nyingi: nani aliyeuchagua mfano, na alikuwa amesimama upande gani ulipotendeka? Swali hili latuhusu sisi wa Kenya, maana nchi yetu nayo imetiwa katika mifano ya namna hii. Afisa wa Kiingereza Frank Kitson alihudumu Kenya wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Mwaka wa 1960 alitoa kitabu juu ya vikundi alivyoviunda kuwawinda wapiganaji wa Mau Mau, na maandishi yake juu ya kuzima maasi yalisomwa baadaye na maafisa wa majeshi ya nchi nyingine. Kenya ilikuwa koloni, wala si nchi iliyokaliwa baada ya vita baina ya madola, na hiyo ni tofauti ya kukumbukwa. Hata hivyo, katika vitabu vya wanajeshi Kenya na Malaya huhesabiwa mara kwa mara miongoni mwa maasi yaliyoshindwa. Yaliyoshindwa kwa kipimo gani? Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa kizuizini walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola. Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ikawa huru. Mwezi wa Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 katika madai ya Wakenya 5,228. Anayeitaja Kenya kuwa mfano wa mafanikio huwa amehesabu bunduki zilizonyamaza msituni, asihesabu vilio vya kambini. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Jambo kama hilo lilitokea Algiers. Mwaka wa 1957 askari wa Ufaransa waliuvunja mtandao wa wapigania uhuru katika mji huo, wakitumia mateso. Kwa kipimo cha mwaka ule walishinda. Mwaka wa 1962 Algeria ikawa huru. Mtengenezaji filamu Gillo Pontecorvo alitengeneza filamu juu ya mapambano hayo, nayo ikatolewa mwaka wa 1966. Mwezi wa Agosti 2003 filamu hiyo ilionyeshwa kwa maafisa katika makao makuu ya jeshi la Marekani. Mtazamaji mmoja aweza kujifunza humo namna ya kuvunja mtandao. Mwingine aweza kujifunza kwamba mateso hushinda mtaa na kupoteza nchi. Filamu ni moja. Tofauti imo machoni mwa atazamaye.

Je, tuseme basi kwamba historia haina faida? La, hasha. Mwanahistoria John Dower alikuwa ameandika kitabu mashuhuri juu ya Japani baada ya kushindwa, kilichotolewa mwaka wa 1999. Kabla ya vita vya Iraki kuanza, mtu huyu aliyeijua Japani kwa undani alionya kwamba mambo yaliyosaidia kule hayakuwapo Iraki. Tazama, aliyeujua mfano vizuri kuliko wengine ndiye aliyekataa kuutumia kama hukumu. Laiti mfano wa Japani ungalisomwa wote, ungalikuwa na faida kubwa. Ungalisema kwamba maandalizi ya kuitawala Japani yalianza miaka kadhaa kabla ya vita kwisha, ilhali ofisi ya kuijenga upya Iraki iliundwa mwezi wa Januari 2003, miezi miwili tu kabla ya vita. Ungalisema kwamba makarani na polisi waliachwa kazini. Mfano huo ulikuwa na maonyo mengi kuliko ahadi; walioutaja walichukua ahadi wakaacha maonyo.

Ikiwa mlinganisho si jaji, utawala wa jeshi la kigeni tutauhukumu kwa nini? Kwanza kwa sheria. Kanuni za Hague za mwaka wa 1907 huiamuru dola iliyoikalia nchi irejeshe na kudumisha usalama na utaratibu wa maisha kadiri iwezavyo, nazo hukataza uporaji. Mkataba wa nne wa Geneva wa mwaka wa 1949 huwalinda raia walio mikononi mwa adui. Tukipima kwa sheria hizo, hatuna haja ya kuuliza kama Baghdad ni Berlin au ni Saigon. Twauliza: mwezi wa Aprili 2003, vitu vipatavyo 15,000 vilipoibwa katika Jumba la Makumbusho la Taifa, na Maktaba ya Taifa ilipoungua, walinzi walikuwa wapi? Wizara ya Mafuta ililindwa. Twauliza: wafungwa wa Abu Ghraib, ambao picha za mateso yao zilionekana na ulimwengu mwezi wa Aprili 2004, walikuwa chini ya ulinzi wa nani? Na kwa uadilifu ule ule twaandika katika ukurasa mwingine kwamba mamilioni ya Wairaki walipiga kura mwezi wa Januari 2005, na kwamba mwezi wa Oktoba mwaka huo waliipigia kura katiba. Kila tendo lipimwe lenyewe. Jema lisifunike ovu, wala ovu lisifute jema.

Pili, tutauhukumu kwa ushahidi wa waliotawaliwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mjane wa Halabja na mjane wa Falluja, kila mmoja ana ushahidi wake, nao huenda usipatane. Kutopatana kwao ni sehemu ya ukweli, na mlinganisho wowote unaowanyamazisha mmoja wao ili hadithi iwe laini ni mlinganisho wa uongo, hata kama tarehe zake zote ni sahihi.

Msomaji kijana, nawe utasikia milinganisho ya namna hii maishani mwako, kwa kuwa vita havijakwisha duniani. Utaambiwa kwamba jeshi fulani ni jeshi la ukombozi kama lile, au ni jeshi la dhuluma kama lile. Usikatae kusikiliza, wala usikubali upesi. Uliza vita vilianzaje na vilikwishaje. Uliza ni nani aliyebaki na uwezo wa kutoa amri ikatiiwa. Uliza majirani ni nani, na wenyeji wanaishije wao kwa wao. Uliza nani ameuchagua mfano, na ni nini alichokiacha nje. Kisha ukishauliza hayo, uache mfano kando, uitazame nchi yenyewe na watu wake. Huenda kazi hiyo ikakuchukua muda mrefu kuliko kutamka jina la mji au la vita vya kale. Lakini watu wa Iraki walilipa kwa maisha yao gharama ya watu waliotaka jibu la haraka, na deni kama hilo halifai kulipwa tena na watu wengine kwa sababu ya uvivu wa kufikiri.